Malipo Huanza Kwenye Maiki: Jinsi ya Kuweka Maikrofoni Kwenye Draivuthru Yako

Je, una hoteli, duka la kuku na chipsi ama mkahawa ulio kando ya barabara, na sasa unataka kuhudumia wateja bila wao kushuka garini? Huduma hii tunaiita draivuthru. Mteja anasimamisha gari kwenye kituo cha kuagizia, anaongea na maikrofoni, anasonga mbele, analipa kwa simu na kuchukua chakula dirishani.

Watu wengi wakipanga draivuthru hufikiria jiko, dirisha na nambari ya Till. Maiki hukumbukwa mwisho, na mara nyingi hununuliwa ile ya bei rahisi kabisa. Lakini hebu tuangalie kinachopitia hapo. Mteja anasema, "Nipe vipande vinne." Lori linapita. Mhudumu anasikia "vinane". Tuseme vipande vinne ni shilingi 600 na vinane ni 1,200. Mhudumu anatuma ombi la malipo la 1,200. Mteja ana watoto wanaopiga kelele kwa kiti cha nyuma, kwa hivyo anaweka PIN bila kusoma vizuri. Akifika dirishani anapewa mfuko mzito ambao hakuuagiza.

Kama angelipa pesa taslimu, mngemrudishia 600 na mambo yakaisha. Lakini malipo ya simu yakishapita, kurudisha pesa kuna hatua zake, na nyuma yake kuna magari matano yanapiga honi. Chakula cha ziada kimeshapikwa. Na katika biashara nyingi, hasara hiyo humwangukia mhudumu kwenye mshahara wake.

Ndiyo maana tunasema malipo huanza kwenye maiki. Kiasi kikisikika vizuri pale, kitaandikwa vizuri na kulipwa vizuri. Fuata hatua hizi na fundi wako.

Hatua ya 1: Weka kituo upande wa dereva

Wazo la kuagiza kupitia spika ukiwa garini lilianza zamani huko Marekani. Mkahawa wa In-N-Out Burger, uliofunguliwa mwaka 1948 pale Baldwin Park, California, ulitumia spika ya kuongea pande mbili tangu mwanzo. Mpaka leo, vifaa vingi na ramani nyingi za draivuthru unazopata kwenye intaneti zimechorwa kwa ajili ya Marekani, ambako dereva huketi upande wa kushoto.

Kenya dereva huketi kulia. Kwa hivyo usinakili ramani hiyo ilivyo. Kituo cha kuagizia na dirisha la kulipia lazima viwe upande wa kulia wa gari. Hii inamaanisha magari yatazunguka jengo lako kufuata mwelekeo wa mshale wa saa, jengo likiwa kulia kwa dereva. Ukikosea hapa, hata maiki ya bei ghali haitakusaidia, kwa sababu mteja atakuwa akipiga kelele kupitia dirisha la abiria.

Pia fikiria kelele za barabarani. Kama uko karibu na Thika Road ama Mombasa Road, usiweke kituo ukutani mwa barabara. Kiweke nyuma ya jengo ama pembeni, ili jengo lenyewe likinge kelele. Kisha acha nafasi ya kutosha kati ya kituo na dirisha. Ukihesabu mita 6 kwa kila gari, nafasi ya magari matatu ni mita 18. Nafasi hiyo ndiyo inayompa mteja muda wa kukamilisha malipo akiwa amesimama kwenye foleni.

Hatua ya 2: Pima urefu wa mdomo

Usikisie. Chukua gari dogo kama Vitz, kisha chukua gari refu kama Land Cruiser ama pikapu. Mtu aketi kwenye kiti cha dereva, dirisha likiwa wazi, na upime kutoka ardhini hadi mdomoni mwake. Weka maiki katikati ya vipimo hivyo viwili, ikiwa imeinuliwa kidogo kuelekea usoni mwa dereva.

Umbali nao una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mahali pa wazi, umbali kutoka mdomoni hadi kwenye maiki ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Dereva aliyesimama mita 2 kutoka kwenye maiki anasikika chini kwa desibeli 12 kuliko aliyesimama nusu mita. Kelele za lori hazipungui hivyo, kwa sababu lori liko mbali na limebaki palepale. Matokeo yake ni kwamba sauti ya mteja inamezwa.

Suluhisho ni rahisi. Jenga ukingo mdogo wa zege unaoongoza matairi karibu na kituo bila kukigonga, na uchore mstari wa kuonyesha dereva asimame wapi. Weka pia nguzo fupi ya chuma mbele ya kituo. Wako madereva watakaokata kona vibaya.

Hatua ya 3: Chagua maiki inayosikia upande mmoja

Maiki za aina nyingi husikia kutoka kila upande. Hizo zinafaa mkutanoni lakini si kwenye draivuthru. Mwambie muuzaji unataka maiki ya mwelekeo mmoja, yaani inayosikia vizuri kilicho mbele yake na kupunguza kilicho nyuma. Ielekeze kwa mdomo wa dereva, mgongo wake ukiangalia barabara.

Uliza pia mambo haya kabla ya kulipa:

- Je, inastahimili mvua na vumbi? Tafuta kiwango cha IP65 ama zaidi. Nambari 6 inaonyesha vumbi haliingii, na 5 inaonyesha inahimili maji yanayorushwa kwa mpira.
- Je, ina kifuniko cha sponji cha kuzuia upepo? Upepo ukipiga maiki iliyo wazi, mhudumu husikia mngurumo tu.
- Je, mtambo wake unaweza kukata sauti nzito? Injini hunguruma kwa masafa ya chini. Maneno ya binadamu hueleweka hata bila masafa hayo. Simu za zamani zilibeba sauti ya kati ya hezi 300 na 3,400 peke yake na watu walielewana.
- Je, inaoana na amplifaya yako? Maiki nyingine huhitaji umeme kutoka kwenye mtambo, na nyingine hazihitaji.

Kama uko Mombasa, Malindi ama kwingine pwani, chagua skrubu na kifuniko cha chuma kisichoshika kutu. Hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida haraka.

Hatua ya 4: Tenganisha maiki na spika

Ndani ya kituo kuna vitu viwili: spika inayotoa sauti ya mhudumu, na maiki inayopokea sauti ya mteja. Vikikaa pamoja kwenye kisanduku kimoja, sauti ya spika huingia kwenye maiki, hurudi kwenye spika, na kuzunguka hivyo mpaka inapiga ule mluzi mkali unaoumiza masikio.

Fanya hivi: kila kimoja kikae kwenye chumba chake ndani ya kisanduku, kukiwa na ukuta katikati. Zungusha maiki kwa sponji nzito, na uishikilie kwa raba ili mtetemo wa kisanduku usiifikie. Iweke maiki nyuma ya matundu ya mbele kabisa, isiachwe nafasi tupu, kwani sauti hujirudia kwenye nafasi hiyo.

Kuna mitambo ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kuongea kwa zamu: mhudumu akibonyeza kitufe, maiki ya nje inazimwa. Ni ya bei nafuu na haipigi mluzi ovyo, lakini mteja akisema "hapana, vinne!" wakati mhudumu anaongea, hatasikika. Ya pili ni ya kuongea kwa pamoja kama simu, ambayo ina uwezo wa kufuta mwangwi. Kama bajeti inaruhusu, chukua ya pili. Mteja anayeweza kumkatiza mhudumu anaweza kurekebisha oda kabla ya kulipa.

Hatua ya 5: Pitisha kebo mbali na umeme

Mawimbi yanayotoka kwenye maiki ni madogo sana. Yakipita sambamba na waya wa umeme wa volti 240, yataokota ule mlio wa "mmmm" wa hezi 50. Tumia kebo yenye nyaya mbili zilizosokotwa na kufunikwa kwa wavu wa chuma. Ipitishe kwenye bomba lake peke yake. Kama ni lazima ikutane na waya wa umeme, zikate kama msalaba, zisiende pamoja.

Wavu wa chuma uunganishwe na erthi upande wa amplifaya peke yake. Ukiuunganisha pande zote mbili, mlio unaweza kurudi kupitia huko huko.

Chini ya njia ya magari, bomba lizikwe kwa kina cha kutosha kuhimili uzito, na ndani uache kamba ya kuvutia kebo nyingine siku ya ukarabati. Kazi ya umeme mpe fundi mwenye leseni ya EPRA. Na ukiwa bado unachimba, mwambie aweke pia waya wa kitanzi ardhini mbele ya kituo. Gari likisimama juu yake, chuma cha gari hutambuliwa na mhudumu husikia mlio masikioni. Hapo hakuna mteja atakayesahaulika akisema "Haloo? Kuna mtu?"

Hatua ya 6: Kuwa makini na hedseti za kutoka nje

Hatua hii watu wengi hawaijui, na inagusa malipo moja kwa moja. Wahudumu wa draivuthru huvaa hedseti zisizo na waya. Ukiagiza seti ya Marekani kupitia intaneti, huenda ikawa inatumia mfumo unaoitwa DECT 6.0, wa megahezi 1,920 hadi 1,930. Kule Marekani ni sawa. Lakini kwa mpangilio wa masafa unaotumika Afrika na Ulaya, megahezi 1,920 hadi 1,980 ni masafa ambayo simu za 3G hutumia kuongea na mnara.

Kwa hivyo hedseti hiyo inaweza kuvuruga mtandao wa simu papo hapo ambapo wateja wako wanajaribu kulipa kwa simu. Nunua hedseti ya DECT ya megahezi 1,880 hadi 1,900, ama ya gigahezi 2.4, na uhakikishe imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Muulize muuzaji akuonyeshe idhini hiyo kabla hujatoa pesa.

Kabla ya kujenga chochote, simama pia mahali kituo kitakapokuwa ukiwa na simu za mitandao tofauti, na ujaribu kulipa shilingi chache. Kama mtandao ni dhaifu hapo, sogeza kituo.

Hatua ya 7: Jaribu kwa nambari, si kwa "haloo, haloo"

Fundi akimaliza atasema "haloo, wan, tuu" na kila mtu atasikia. Hilo si jaribio. Fanya hivi:

1. Andika nambari 10 za kubuni zenye tarakimu 10 kila moja, na bei 10 tofauti. Weka humo maneno yanayofanana: nne na nane, sita na saba, 15 na 50 kwa Kiingereza, pamoja na bei za mtaani kama soo, finje na thao.
2. Mtu mmoja aketi garini, injini ikinguruma, eisi na redio zikiwa zimewashwa, dirisha likiwa nusu. Azisome kwa sauti ya kawaida.
3. Mhudumu aliye jikoni, feni na karai za kukaangia zikiendelea, aandike anachosikia.
4. Linganisheni. Rudieni kwa gari refu, kwa gari la dizeli, na siku ya mvua.

Kama hata tarakimu moja imekosewa, bado hujamaliza. Anza kwa kusogeza maiki karibu na dereva kabla ya kuongeza sauti. Ukiongeza sauti, kelele nazo zinaongezeka.

Hatua ya 8: Wafundishe wahudumu utaratibu wa malipo

Maiki nzuri bila utaratibu ni nusu ya kazi. Wahudumu wote wafuate mpangilio huu:

- Rudia oda yote na jumla ya pesa. "Vipande vinne, chipsi mbili, soda moja. Jumla ni mia tisa na hamsini. Ni sawa, mama?" Subiri jibu.
- Kiasi kionekane pia kwa macho. Kibao kidogo cha kuonyesha jumla kwenye kituo kitaokoa makosa mengi.
- Kama unatuma ombi la malipo kwa simu ya mteja, mwombe nambari yake na uirudie tarakimu moja moja: "Sifuri, saba, mbili, mbili..." Nambari ikikosewa, ombi litamfikia mtu mwingine kabisa. Asipoweka PIN hakuna pesa itakayotoka, lakini foleni itasimama, na yule mtu atabaki akidhani anataka kuibiwa.
- Afadhali zaidi, andika nambari ya Till na uweke kodi ya QR kwa maandishi makubwa baada ya kituo, ili mteja alipe mwenyewe bila kutaja nambari yake ya simu hadharani.
- Kabla ya kutoa chakula, thibitisha malipo kwenye simu ama mtambo wa biashara. Usitegemee meseji unayoonyeshwa kwenye simu ya mteja.
- PIN haisemwi kwenye maiki. Kamwe. Mteja akianza kuitaja, mkatize mara moja.

Kila asubuhi, kagua kibao cha Till. Mtu anaweza kubandika stika yenye nambari nyingine juu ya yako, na utagundua jioni ukihesabu mauzo.

Vipi kuhusu kurekodi sauti?

Mitambo mingine hurekodi mazungumzo. Kumbuka kwamba sauti na nambari ya simu ya mteja zinaweza kumtambulisha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda. Kama huna sababu ya kurekodi, zima. Kama unayo, weka tangazo linalosomeka kabla mteja hajaongea, hifadhi kwa muda mfupi tu, na uwazuie wasiohusika kusikiliza. Vikaratasi vyenye nambari za simu za wateja navyo visitupwe ovyo.

Shida za kawaida na dawa yake

- Mlio wa "mmmm" usioisha: kebo iko karibu na umeme ama erthi imeunganishwa vibaya.
- Mluzi: sauti ya spika iko juu sana ama ukuta kati ya spika na maiki umelegea.
- Sauti ya kuziba, kama mtu anaongea ndani ya blanketi: sponji imejaa vumbi ama maji. Ibadilishe.
- Kukwaruza baada ya mvua: maji yameingia kwenye kiungo cha kebo.
- Magari madogo yanasikika, pikapu hazisikiki: maiki iko chini mno ama imeinama.

Na wewe mteja je?

Ukiwa ndiye uliye garini, una kazi ndogo ya kufanya. Zima redio, simama kwenye mstari, na uongee ukiangalia maiki. Taja idadi kwa namna mbili kama kuna kelele: "Vinne, yaani viwili mara mbili." Sikiliza jumla ikirudiwa. Ombi la malipo likifika kwenye simu, simamisha gari kwanza, kisha soma jina la biashara na kiasi kabla ya kuweka PIN. Kama kiasi si sahihi, kataa ombi na umwambie mhudumu atume lingine. Sekunde tano za kusoma ni rahisi kuliko siku nzima ya kufuatilia pesa zirudishwe.

Kumbuka

Kabla hujaongeza menyu ama kupaka jengo rangi, keti garini kwenye draivuthru yako mwenyewe, saa ya foleni, na uagize vipande vinne. Ukipewa vinane, mwite fundi kabla ya kumlaumu mhudumu.